Mtoto aliyeshindikana hanyooshwi kwa kupelekwa mbali

Askari wa vituo vya polisi vya mijini wanalijua ombi hili. Mzazi anaingia akiwa amemshika mkono mtoto wa miaka 12 au 13, anamsogeza mbele ya kaunta na kusema: "Afande, huyu amenishinda. Mtieni ndani kidogo, hata usiku mmoja tu, apate akili." Hajaja kushitaki, amekuja kuomba msaada. Ameibiwa na mwanawe huyo, au amepigwa naye, au ameitwa shuleni mara nyingi hadi anaona haya kumtazama mwalimu mkuu usoni. Fimbo ameshaijaribu. Kumnyima chakula ameshajaribu. Alimpeleka kwa bibi yake kijijini, bibi akamrudisha kabla mwezi haujaisha. Yupo aliyeambiwa ni pepo akamlipa mganga, yupo aliyekesha kwenye maombezi. Mwenye uwezo kidogo amekopa kwenye kikoba ili mtoto aende shule ya bweni inayosifika kwa ukali. Mwingine amemwingiza kijana wake sober house, nyumba ya kuwatibu waraibu, ilhali kijana mwenyewe hajagusa dawa za kulevya, kwa kuwa tu hapo ndipo penye geti na kufuli.

Njia hizi zinaonekana tofauti, lakini zote zimesimama juu ya imani moja: kwamba ukorofi umo ndani ya mtoto kama jipu, na kazi ya mzazi ni kumtafuta mtu wa kulikamua, kisha arudishiwe mtoto akiwa mzima. Naiona imani hii inatuumiza kuliko hata uhaba wa wataalamu, ambao nao ni mkubwa. Inawafanya wazazi wamalize fedha na nguvu zao upande ambao msaada haupo.

Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 80 unaelekea kwingine. Tabia mbaya iliyokwisha kukomaa huendelea kulishwa na yale yanayotokea kila siku kati ya mtoto na wakubwa wanaoishi naye. Msaada unaofaa huingia humo humo na kuyabadilisha. Ule unaomchukua mtoto na kumwacha mzazi alivyo haudumu, na wakati mwingine humrudisha mtoto akiwa amezidi.

Tuanze na kumtisha, maana jambo hilo limepimwa. Katikati ya miaka ya 1970, wafungwa wa kifungo cha maisha katika gereza la Rahway, jimbo la New Jersey huko Marekani, walianza kuwapokea vijana wakorofi kwa saa chache, kuwafokea na kuwasimulia ubakaji na mauaji ya gerezani ili wajue wanakoelekea. Mwaka 1978 ikatoka filamu juu ya utaratibu huo, ikapata tuzo ya Oscar, na majimbo mengine yakauiga. Watu walivutwa na machozi: vijana waliingia wakicheka, wakatoka wakilia. Baadaye Anthony Petrosino na wenzake walizikusanya tafiti tisa zilizolinganisha vijana waliopelekwa kutishwa gerezani na wenzao walioachwa nyumbani. Waliopelekwa ndio waliofanya uhalifu zaidi baadaye. Kutofanya lolote kungewafaa zaidi.

Sababu yake si ngumu kuiona. Hofu hupoa baada ya siku chache, ila hadithi hubaki, na kijana anayetafuta heshima kijiweni amerudi na hadithi nzuri ya kusimulia. Mtoto wa miaka 12 aliyelala selo na watu wazima amejifunza mambo mawili: kwamba mama yake anaweza kumkabidhi kwa wageni, na kwamba selo inavumilika. Sioni namna lolote kati ya hayo linavyomsaidia mama huyo wiki inayofuata.

Kosa jingine ni la kuwakusanya. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja wa Boston, Marekani, Richard Cabot, alianzisha mpango mkubwa kwa wavulana wa miji ya Cambridge na Somerville. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana kwa umri, maisha ya nyumbani na mienendo. Mmoja akapewa mlezi wa kumtembelea, masomo ya ziada, matibabu na kambi za likizo, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Nani angepinga wema kama huo? Miaka 30 baada ya mpango kwisha, mtafiti Joan McCord aliwatafuta, wakiwa sasa watu wazima. Wengi wa waliosaidiwa walisema mpango uliwafaa sana. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zilisema vingine: katika mambo kadhaa, ikiwemo kurudia uhalifu na dalili za ulevi, walikuwa na hali mbaya kuliko wale walioachwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba madhara yaliwaangukia hasa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Mwanasaikolojia Thomas Dishion, katika jimbo la Oregon huko Marekani, alikuja kueleza yanayotokea kambini. Aliwarekodi wavulana wakizungumza wawili wawili na kuhesabu walichochekea. Wavulana wa kawaida walichekea mambo ya kawaida. Wakorofi walichekea habari za kuvunja sheria, na kicheko cha mwenzako ukiwa na miaka 13 ni malipo makubwa kuliko pipi au pongezi ya mwalimu. Waliocheka hivyo kwa wingi ndio waliozidisha uhalifu na dawa za kulevya miaka iliyofuata.

Hapa ndipo bweni la ukali na sober house vinaponitia hofu. Simsemi mtu anayetibiwa uraibu, huyo anahitaji mahali pake. Namsema kijana wa miaka 14 ambaye kosa lake ni utoro na kutukana, anayewekwa chumba kimoja na vijana wa miaka 22 walioishi vijiweni. Tuna shule ya maadilisho ya serikali ya Irambo pale Mbeya, na Kenya ina zake kama Wamumu, iliyoanza miaka ya 1950 kwa ajili ya vijana waliokamatwa wakati wa vita vya Mau Mau. Huko mtoto hupelekwa kwa amri ya mahakama, na sheria inataka mahakama ifikirie kwanza njia nyingine. Wazazi wenye fedha wanaifanya kazi hiyo hiyo bila mahakama na bila mtu wa kuwauliza. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne ili watoto wadogo walelewe na wazazi wao. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini mtoto wa darasa la tano anayesumbua bado yumo kwenye basi la kwenda mkoani kila Januari.

Kama basi ukorofi hautolewi kwa hofu wala kwa umbali, unakaa wapi? Mtu aliyenifumbua macho katika hili ni Gerald Patterson, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Oregon kwa miongo kadhaa. Hakuridhika na maelezo ya wazazi ofisini. Aliwatuma watu wakakae ndani ya nyumba zenye watoto washari na kuandika kila kinachopita: nani kasema nini, nani kajibu nini, nini kikafuata. Alichokiona huko kinaweza kutokea Mbagala kama kinavyotokea Marekani.

Tuseme ni saa kumi na mbili jioni. Mama karudi kutoka sokoni, miguu inawaka. Anamwambia mwanawe wa miaka 10 aache simu akachote maji. "Baadaye." Anarudia. Kimya. Anapandisha sauti, mtoto naye anapandisha, anatupa kikombe ukutani. Mtoto mchanga anaamka na kulia, majirani wanasikia kila kitu. Mama anachoka: "Haya, kaa hivyo hivyo, mtoto gani huna faida!" Anabeba ndoo mwenyewe. Mtoto amejifunza kwamba kelele huondoa kazi. Mama naye amejifunza, bila kujua, kwamba akijitoa nyumba hutulia. Kesho yake hataki kushindwa tena. Anashika mwiko, anampiga mtoto mgongoni, na maji yanachotwa. Sasa mama amejifunza kwamba mwiko unafanya kazi, na mtoto amejifunza kwamba maneno ya mama hayana uzito mpaka mwiko utokee. Kila wiki kizingiti kinapanda. Mtoto anahitaji kelele kubwa zaidi ili mama aachie, mama anahitaji pigo kubwa zaidi ili mtoto atii. Humo ndani hakuna mtu mwovu. Kuna watu wawili wanaofundishana ubabe, kila mmoja akilipwa kwa muda mfupi na kwa hasara ya muda mrefu.

Patterson aliona pia kitu kingine ambacho ni rahisi kupita bila kukitazama. Katika nyumba hizo, mtoto akikaa vizuri hakuna anayemsemesha. Akicheza na mdogo wake kwa amani nusu saa, wakubwa wanashukuru kimoyomoyo na kuendelea na shughuli zao. Akimpiga mdogo wake, kila mtu anageuka. Mtoto mwenye kiu ya kutazamwa anajua la kufanya.

Naomba nisieleweke vibaya. Kusema kwamba tabia hulishwa nyumbani hakumfanyi mzazi kuwa mkosaji. Watoto hawazaliwi sawa. Kuna mama mwenye watoto watatu watulivu na wa nne ni moto tangu ananyonya, na malezi yaliyowafaa wale watatu hayamtoshi huyu. Anahitaji ujuzi ambao wazazi wengi hawajawahi kulazimika kuwa nao. Anayemtupia lawama badala ya kumfundisha huo ujuzi anamfukuza kutoka kwenye msaada.

Kuhusu viboko, sitaki kuzunguka. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Kama kipigo kingekuwa dawa ya ukorofi, tungekuwa na vijana watulivu kuliko nchi nyingi duniani. Watu hunijibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini methali hiyo haitaji fimbo. Inamwonya mzazi anayeogopa kilio, yule anayeamuru kisha anaachia mtoto akipiga kelele, na hilo ndilo alilolikuta Patterson majumbani. Mzazi anaweza kusimama imara bila kuinua mkono. Tena anayesimama imara kila siku hahitaji kuuinua.

Shuleni hali ni ile ile. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua, na viandikwe kwenye kitabu. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Wazazi wa pande zote mbili za mpaka wanajua kinachotokea darasani kweli. Ndiyo maana ninaipa uzito kazi ya mtafiti wa Kitanzania Mabula Nkuba na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2018. Waliwapa walimu wa sekondari za serikali nchini mafunzo ya siku chache kuhusu kuwaongoza wanafunzi bila ukatili, kisha wakazilinganisha shule hizo na nyingine ambazo hazikupata mafunzo. Ukatili ulipungua, kwa maelezo ya walimu na ya wanafunzi wenyewe. Hakuna mwalimu aliyefukuzwa wala jengo lililojengwa.

Kabla ya kugusa malezi, hata hivyo, kuna hatua ambayo ikirukwa kila kitu kingine kitaharibika: mwili wa mtoto. Huko Kilifi, watafiti waliwachunguza zaidi ya watoto 3,000 wenye umri wa mwaka mmoja hadi sita na kukuta matatizo ya tabia na hisia kwa takribani asilimia 13. Yalikuwa mengi zaidi kwa waliopata shida wakati wa kuzaliwa na wenye historia ya degedege. Utafiti mwingine wa huko huko ulikuta karibu nusu ya watoto wenye kifafa wana matatizo ya tabia. Mulago, Kampala, watoto waliopona malaria ya kichwa wamefuatiliwa, na baadhi yao hubaki na hasira kali, kutotulia na ugomvi ambao haukuwepo kabla ya kuugua. Mtoto wa namna hii akitazamwa na ndugu huonekana amebadilika ghafla, na hapo ndipo mganga anapopata mteja.

Kuna vitu vidogo kuliko hivyo. Mtoto anayetokwa usaha masikioni kwa miaka husikia nusu ya anachoambiwa, na tunamwita "asiyesikia" kwa maana ile nyingine. Mtoto anayekoroma na kushtuka usiku kucha kwa sababu ya nyama za puani huamka amechoka na hushinda akigombana. Kuna risasi, ile madini. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilimwaga risasi kwenye hewa, maji na udongo wa wakazi, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3. Risasi ndani ya damu ya mtoto hupunguza akili na uwezo wa kujizuia, na hakuna fimbo inayoitoa. Kuna usonji, kuna ulemavu wa akili usiotambuliwa, kuna mtoto ambaye ubongo wake haumruhusu kutulia hata akitaka. Na kuna mtoto aliyekuwa mpole hadi likizo ya mwezi wa sita, akarudi akiwa mshari, anakojoa kitandani, hataki kuguswa. Huyo kabla ya kuulizwa amefanya nini, aulizwe amefanyiwa nini, na aulizwe na mtu asiyemtisha.

Baada ya hapo ndipo mafunzo ya mzazi yanaanza, na hapa ndipo palipo na ushahidi mzito kuliko pote. Carolyn Webster-Stratton wa Seattle aliutengeneza mpango wake, Sheila Eyberg akatengeneza wa kwake ambapo mzazi hucheza na mtoto huku mnasihi akimwelekeza kupitia kifaa cha kusikilizia sikioni, na wengine wakafuata. Majina yanatofautiana, kiini ni kimoja. Kinachowashangaza wazazi ni kwamba wiki za mwanzo hazigusi adhabu kabisa. Mzazi anapewa kazi ya kukaa na mtoto dakika chache kila siku, mtoto achague cha kufanya, na mzazi asifundishe, asikosoe, asiulize maswali ya darasani. Mama aliyechoka na mtoto wake huona hili ni upuuzi. Lakini bila akiba hiyo ya mapenzi, adhabu yoyote itakayokuja baadaye haina cha kumnyima mtoto.

Kisha anafundishwa kusifu kitu mahsusi. "Umeweka sahani mahali pake, asante" ina nguvu kuliko "mtoto mzuri". Anafundishwa kuamuru: moja kwa wakati, kwa karibu, kwa jina, fupi, inayotekelezeka. "Juma, weka simu mezani sasa" siyo sawa na kupiga kelele ukiwa jikoni kwamba watoto wa nyumba hii hawana adabu. Baadaye sana ndipo yanapokuja matokeo ya kukosa, na hayo ni madogo, yanatangazwa kabla, na yanatimia kila mara. Simu inakaa kabatini hadi kesho asubuhi; haikai mwezi mzima kisha ikarudishwa siku ya pili kwa sababu mama amechoka na kelele. Yote haya mzazi anayafanyia mazoezi kwa kuigiza mbele ya wenzake, anakwenda kuyajaribu nyumbani, anarudi wiki ijayo kusema yaliyomshinda. Semina ya siku moja hotelini haibadilishi kitu cha namna hiyo.

Je, yanafanya kazi Afrika, ambako mnasihi hapatikani? Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, mpango wa mikutano 14 kwa wazazi na vijana wao ulipimwa katika vijiji na mitaa 40 yenye familia 552. Waliouongoza hawakuwa madaktari wa akili, walikuwa watu wa jamii hiyo waliopewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kipigo na matusi vilipungua, wazazi walijua zaidi watoto wao wako wapi, na matumizi ya pombe na dawa yalishuka kwa mzazi na kwa kijana. Mpango huo ulikuja Tanzania kwa jina la Furaha Teens, ukapitishwa katika halmashauri kadhaa chini ya mradi wa Kizazi Kipya uliolipiwa na Marekani.

Hautoshi kwa kila mtoto, na anayeahidi hivyo anadanganya. Kijana wa miaka 16 mwenye kisu na kundi nyuma yake anahitaji zaidi ya mikutano ya Jumamosi. Kwa vijana wa aina hiyo Scott Henggeler wa South Carolina alibuni utaratibu ambao mnasihi mmoja anabeba familia nne hadi sita tu, anazifuata nyumbani kwa miezi mitatu hadi mitano, anapatikana usiku na mchana, anaongea na shule, na wajomba, na hata na mabosi wa kijiweni ikibidi. Marekani na Norway ulileta matunda. Uingereza, jaribio la familia 684 lililochapishwa mwaka 2018 halikuona tofauti na huduma za kawaida za huko. Ninalisoma hilo kama onyo dhidi ya kununua jina. Huduma za kawaida za Uingereza zilikuwa tayari na maofisa, wanasihi na shule zinazofuatilia. Kwetu, ambako huduma ya kawaida mara nyingi ni kuachwa, mtu mmoja mwenye subira anayeifuata familia hadi nyumbani anaweza kuwa tofauti yote.

Dawa nazo zina nafasi ndogo kuliko wazazi wengi wanavyotumaini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa unaelekeza kuanza na kumfundisha mzazi, na haumruhusu mhudumu asiye bingwa kuandika dawa kwa ajili ya ukorofi wenyewe. Mtoto wa kifafa apewe dawa za kifafa. Mtoto aliyelazwa usingizi kwa vidonge vya watu wazima ametulizwa, tatizo lake linamngoja.

Kwa hiyo mtu akikuuzia msaada, awe mwenye shule, kambi, kliniki au huduma ya kiroho, swali la kwanza ni hili: mimi mzazi nitafanya nini katika mpango wako? Akijibu kwamba wewe ulipe tu na kusubiri, shika njia uondoke. Uliza kama unaweza kufika bila kutoa taarifa na kuzungumza na mwanao faraghani. Uliza atalala na nani. Uliza siku atakaporudi nyumbani nani atawasindikiza nyote wawili kwa miezi ya kwanza. Akitaja kufunga kamba, kunyoa kwa nguvu, maji ya baridi au "mazoezi ya kijeshi", umeshapata jibu. Marekani, ambako biashara hii ya kuwachukua vijana imekua kwa miongo mingi, watoto wamefia kwenye kambi na nyumba za namna hiyo, na ilichukua hadi Desemba 2024 kupata sheria ya taifa inayolenga unyanyasaji humo, baada ya waliopitia huko, akiwemo Paris Hilton, kusimama mbele ya Bunge na kusimulia.

Jambo moja linavunja mafunzo mengi, nalo ni baba. Mikutano hujaa kina mama. Mama anarudi na utaratibu mpya, baba anaubomoa kwa sauti moja, au bibi anamwonea huruma mtoto na kumpa simu kwa siri. Mtoto mkorofi huuona mwanya huo kabla ya mtu yeyote. Wakubwa wote wa nyumba wakubaliane mambo mawili matatu tu, wayashike, kuliko mama kushika kumi peke yake.

Sasa suala la nani atalipa. Miradi ya wafadhili ilikuwa ikifundisha, ilipokwisha mafunzo yakaisha nayo, na mwaka 2025 USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa. Programu ya taifa ya malezi na makuzi iliyozinduliwa mwaka 2021 inawahusu watoto wa miaka 0 hadi 8. Ni kazi njema, ila ukorofi mzito huwafikisha wazazi polisi mtoto akiwa na miaka 10, 12, 14. Maofisa ustawi wa jamii ni wachache, na mwalimu wa malezi shuleni ana vipindi vya kufundisha kama wenzake.

Nadhani mahali pa kuanzia tayari tunapo. Vikoba hukutana kila wiki, wanachama wanaaminiana na fedha zao, na wengi wao ni wazazi. Saa moja kabla ya kuhesabu hisa, kwa wiki 14, ikiongozwa na mtu wa kata aliyefundishwa na ofisi ya ustawi, ingewafikia kina mama ambao hawataingia hospitali ya akili kwa kuogopa maneno ya watu. Misikiti na makanisa yanaweza kuwafikia kina baba, ambao vikoba huwapata kwa shida. Na Dawati la Jinsia na Watoto lililopo polisi liwe na orodha ya madarasa hayo ya kata, ili mzazi anayeomba mtoto atiwe ndani aondoke na jina la mtu wa kumwona na siku ya kumwona. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ada ya bweni moja.

Mzazi anayesoma haya akiwa na mtoto wa namna hiyo chumba cha pili hawezi kusubiri bajeti. Kama kuna hatari ya mtu kuumizwa, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya. Kama hakuna, mtoto apelekwe kwanza kupimwa masikio, macho na historia ya degedege katika hospitali ya wilaya, na aombewe rufaa ya idara ya afya ya akili: Muhimbili, KCMC, Bugando na Mirembe zinayo. Kenya, vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vipo katika kaunti. Wakati wa kungoja tarehe ya kliniki, chukua daftari. Kila mara patakapolipuka andika saa, kilichotokea kabla, mtoto alifanya nini, na wewe ulifanya nini baada ya hapo. Andika na nyakati alizokaa vizuri, na nani alikuwa karibu. Nenda na daftari hilo kwa daktari, kwa ofisa ustawi na kwa mwalimu wake.